Picha Ukutani kwa Zipora

Wahenga walisema usilolijua ni kama usiku wa giza, kwani aliye gizani hukiona kisiki akadhani ni fisi. Hayo yalimfika Zipora, mjane wa kijiji kimoja jirani na Tinde, mwaka 1996.

Bintiye Apolonia, mwalimu mjini Shinyanga, alipokuja likizo alimletea picha ya kalenda: kundi la nyota za mbali mno, lililojikunja kama konokono. Zipora aliipenda, akaibandika ukutani, asiulize zaidi. Mchana mmoja, likizo ikiwa haijaisha, mke wa jirani yake Bujiku aliingia kuomba kaa la moto. Alipoiona picha alitoka mbio, mikono mitupu. Machoni pake lile lilikuwa kombe, gamba la mviringo wanalovaa waganga na wachawi kifuani, na ng'ombe wa mumewe walikuwa wakifa ovyo.

Alasiri hiyo filimbi za sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, zikalia. Zipora aliingiwa na hofu. Macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa mavi ya ng'ombe aliyopikia miaka yote, naye alijua vikongwe wenye macho hayo walivyokuwa wakiitwa wachawi na kukatwa mapanga.

"Mayu, mama yetu, hiki ni nini?" aliuliza Masele, kiongozi wa sungusungu, alipoingia ndani na wenzake na kuiona picha.

"Ni nyota, baba."

"Nyota gani zinazojikunja? Na hili jicho katikati?"

"Sijui, baba." Kweli hakujua. Waliomzunguka walilichukua jibu lake kuwa ushahidi, na Bujiku akachomoa panga.

Ndipo Apolonia, aliyeyasikia hayo akiwa mlangoni, alipoingia akihema kutoka kisimani.

"Shikamoo, baba Masele! Picha ni yangu! Hilo la manjano si jicho, ni nyota kongwe zilizosongamana. Mikono hii ya buluu ni nyota changa, na weusi huu ni vumbi. Mwanga wake ulianza safari kabla binadamu hajawapo duniani. Itawarogaje ng'ombe wa Bujiku?"

Masele aliisogelea picha, akaigusa kwa kidole.

"Marahaba, mwalimu. Hata mimi niliogopa," alisema. "Bujiku, rudisha panga. Kamwite bwana mifugo awapime ng'ombe wako."

Waliondoka wakiomba radhi. Zipora aliwaitikia kwa upole, kisha akaanza kufunga mzigo wake.

"Mama, si yamekwisha?" Apolonia aliuliza.

"Leo ulikuwapo, mwanangu. Ukiondoka je?"

Jua lilikuwa bado juu walipoiacha nyumba aliyozalia watoto wake wote, wakashika njia ya Shinyanga. Ama kweli, usilolijua ni kama usiku wa giza.