Ukuta wa Rangi Tisa

Watu wengi huitumia methali ya mgeni na jembe kumsuta mtu aliyekuja kwa siku mbili akakaa miezi miwili, kazi yake kula na kulala kama paka wa jikoni. Si vibaya, maana wageni wa aina hiyo wapo. Lakini methali hiyo ina upande wa pili usiosemwa sana. Yuko pia mgeni ambaye viganja vinamwasha kwa hamu ya kazi, na yuko mwenyeji anayemkalisha mpaka kiti chenyewe kichoke. Hadithi hii ni ya mgeni wa namna hiyo.

Alikuwa msichana wa mwaka wa tatu chuo kikuu, akisomea uhandisi wa mitambo, mpole kama maji ya mtungini. Darasani alikaa safu ya mwisho, na akiulizwa swali sauti ilimkauka. Alilelewa na bibi yake mzaa mama, aliyetumia kiti cha magurudumu tangu miguu yake ilipogoma. Kiti hicho nacho kilikuwa na ugonjwa: kilivuta kushoto. Kila Bibi alipotoka chumbani kwenda jikoni, kiti kiliparuza ukuta, hata ukuta ule ukawa na michubuko urefu wote.

"Kiti hiki kina mambo yake na jirani wa kushoto," Bibi alipenda kusema. "Mimi nataka kwenda jikoni, chenyewe kinataka kwenda kuposa."

Mafundi watatu waliwahi kuitwa. Kila mmoja alikaza alichokiona, akaaga, na kabla ya wiki kwisha kiti kilirudia uchumba wake. Kwa hiyo chuo kilipotangaza mpango wa wanafunzi kwenda kujitolea nchi za nje kwa wiki nane, na msichana akaona katika orodha karakana ya viti vya magurudumu katika nchi jirani, yeye mwenye haya zake ndiye aliyekuwa wa kwanza kujaza fomu.

Siku ya kuondoka Bibi alimshika mkono. "Mjukuu wangu, wenzako watarudi na picha. Mimi usiniletee picha. Niletee mkono unaojua."

"Nitakuletea, Bibi."

Ahadi ni deni, naye alivuka mpaka akiwa nalo kifuani.

Karakana ilikuwa nyuma ya kituo cha mazoezi ya viungo: banda refu la mabati, meza tatu za chuma, fremu zimetundikwa ukutani kama mbavu za samaki, na mbele ya mlango mteremko wa saruji uliochorwa katikati mstari mmoja wa chaki. Mkuu wake aliitwa Mzee Nati, kwa kuwa mfuko wa shati lake haukukosa nati, na kila alipofikiri alizichezesha kiganjani. Msaidizi wake alikuwa mwanamke wa makamo, mchomeleaji, ambaye kila mtu alimwita Shangazi, hata waliomzidi umri. Lugha yao ilikuwa ile ile ya kwao msichana, ila kwa mahadhi mengine, na neno "karibu" walilisema mara tatu tatu.

Walimpokea kama bibi harusi. Walimpa kiti chenye mto, wakamgeuzia feni, wakamletea chai. Siku ya kwanza alishukuru. Siku ya pili alishukuru tena. Siku ya tatu aliinuka kushika spana, na Mzee Nati akaipokea upesi kama mtu anayemwona mtoto na kisu.

"Aa, Mgeni! Utachafuka bure. Wewe kaa, tazama."

Akakaa, akatazama. Jina lake likawa Mgeni. Wiki nzima ikapita hivyo, na Jumamosi Bibi akapiga simu.

"Haya, mkono umejua nini?"

"Umejua kushika kikombe, Bibi."

Bibi alicheka. "Na mdomo je? Nao umekwenda likizo?"

Jumatatu Mzee Nati alimpokea mlangoni akiwa na ndoo ya rangi ya kijani na brashi mpya. "Leo kazi ipo!" alisema kwa furaha ya kweli, akamwonyesha ukuta wa uani.

Msichana alifurahi pia. Lakini darasani alikuwa amefundishwa kwamba rangi haishiki juu ya magamba, kwa hiyo kabla ya kuchovya brashi alichukua kisu butu akaanza kukwangua. Chini ya bluu ilikuwepo njano. Chini ya njano, waridi. Akaendelea: kijivu, zambarau, bluu nyingine. Juu ya rangi mojawapo mtu alikuwa ameacha alama ya kiganja chake. Zilikuwa rangi tisa, na gamba alilobandua lilikuwa nene kama soli ya kandambili.

Akaelewa. Miaka tisa wanafunzi wa vyuo vikuu walikuwa wakivuka mipaka kuja kuupaka rangi ukuta huu huu. Yeye angekuwa wa kumi, na kiti cha Bibi kingeendelea kuposa kushoto.

Aliingia karakana na gamba mkononi, moyo ukimdunda kama kinu cha kukoboa.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba tena. Si umeshaniamkia asubuhi?"

Shangazi alicheka. Msichana akaliinua gamba. "Mzee, ule ukuta una ugonjwa gani hata upakwe rangi kila mwaka?"

Mzee Nati alilitazama lile gamba, akatoa nati mbili mfukoni. "Hauna ugonjwa, mwanangu. Ndiyo kazi ya wageni." Kisha akaeleza. Mwaka wa kwanza wa mpango ule alikuja mwanafunzi hodari wa maneno, wakampa kiti akifunge. Akaifunga breki kinyume: ukiivuta ishike, inaachia. Mwenye kiti aliteremka nacho hadi mtaroni, akavunjika mkono. "Tangu siku hiyo nikasema, ukuta haumwangushi mtu."

Hapo msichana angeweza kuomba radhi na kurudi kwenye ndoo. Sauti iliyomtoka ilikuwa ndogo, lakini imenyooka.

"Poleni sana, Mzee. Ila yule mwenzetu, kufunga breki alifundishwa na nani?"

Shangazi akavua kofia yake ya kuchomelea. "Mjibu mtoto wa watu. Mimi nilikuwepo. Tulimwonyesha mara moja, wewe ukaenda kunywa chai."

"Shangazi, kwani uko upande wa nani?"

"Upande wa mkono uliovunjika."

"Mzee," msichana akasema kabla ujasiri haujamtoroka, "bibi yangu ana kiti kinachovuta kushoto. Nimemwahidi. Nifundishe, na nikikosea nizuie. Lakini usinikalishe tena."

Nati ziligongana kiganjani mara mbili tatu. "Nguo za kubadilisha unazo?" akauliza mzee.

Alianza na ufagio. Kisha akatia mikono katika mafuta ya taa, akisafisha beringi za magurudumu moja baada ya nyingine mpaka kila moja izunguke bila kelele. Alifunga breki, akaifungua, akaifunga tena, mara ishirini kwa siku, na Mzee Nati hakwenda kunywa chai. Alijifunza pia sheria ya karakana: kila kiti kilichotengenezwa hukalishwa gunia la mchanga, kikaachiwa juu ya mteremko. Kikiuacha mstari wa chaki hata kwa upana wa kiganja, hakitoki.

"Kiti hakisemi uongo," Shangazi alimwambia. "Fundi ndiye husema."

Wiki ya sita mshonaji wa nguo mmoja aliletwa na nduguye. "Kinavuta kushoto," alilalamika, "na sare za shule zinanisubiri. Ijumaa nikose kiti, nitashonea kitandani?"

Mzee Nati alimgeukia msichana. "Hiki ni chako, mwanzo hadi mwisho."

Alijaza upepo sawasawa magurudumu yote mawili makubwa. Gunia likaenda kushoto. Akabadilisha beringi za mbele. Kushoto. Akabadilisha gurudumu dogo lenyewe, na safari hii gunia likapinduka, mchanga ukamwagika, mshonaji akashika kichwa.

Msichana alichota mchanga. Kisha akaacha kuyatazama magurudumu. Alikilaza kiti juu ya meza, akachukua kipimo cha pembe mraba, akapima bomba fupi linaloshika gurudumu la mbele. Lilikuwa limeinama, kwa unene wa ukucha tu.

"Shangazi! Ugonjwa uko shingoni! Sisi tunakitibu miguu!"

Shangazi akapasha bomba moto, msichana akalinyoosha. Alhamisi jioni gunia lilishuka, chaki ikipita katikati ya magurudumu. Kisha akakaa yeye mwenyewe, akajiachia kutoka juu, akavuta breki chini kabisa. Ikashika, tii!

"Fundi," Mzee Nati akaita, "nipe spana namba kumi na tatu."

Msichana aligeuka kutazama fundi gani anaitwa. Nyuma yake hakukuwa na mtu.

Aliporudi nyumbani alimkalisha Bibi kitandani, akakipindua kiti, akapima. Shingo ile ile, kosa lile lile. Mchomeleaji wa mtaani alipasha moto, yeye akanyoosha. Halafu akachora mstari wa chaki kutoka chumbani hadi jikoni.

Bibi alisukuma magurudumu mara moja, akaachia mikono. Kiti kikaenda moja kwa moja, hakikugusa ukuta. Bibi alitua jikoni, akafuta macho kwa ncha ya khanga.

"Masikini jirani wa kushoto," akasema. "Amekosa mchumba."

Usiku ule Shangazi alituma picha. Ukuta wa uani ulikuwa umekwanguliwa wote, mtupu, na kando yake zilitundikwa ovaroli mpya zikiwasubiri wanafunzi watakaokuja. Chini ya ovaroli hizo Mzee Nati alikuwa ameandika kwa chaki, kwa mkono wake: Chai watakunywa siku mbili tu.

Basi anayempenda mgeni wake asimwonee huruma ya kumkalisha, maana heshima ya mtu imo katika kazi anayoaminiwa. Mgeni siku mbili. Siku ya tatu mpe jembe.