Mwendo wa Kaa la Moto

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa hawajasahau kupika, kila mmoja wao alikuwa na nyumba yake, mafiga yake matatu na chungu chake. Sogeeni karibu. Na wewe kule nyuma, acha kumfinya mwenzako, nisimulie.

Palikuwa na kiboko mmoja, jina lake Bi Mashavu. Alikuwa mnene, tipwatipwa, na alichokipenda kuliko vyote ni kulala bwawani akatoa pua tu. Alichokichukia kuliko vyote ni mbio. Utotoni alijaribu mara moja. Alichomoka vuu! Hatua ishirini, pumzi zikamkata, akaanguka tifu! Wenzake wakamcheka mpaka wakashika mbavu. Tangu siku hiyo akasema, "Mbio waachiwe wenye haraka. Mimi sina haraka."

Basi mwaka ule mvua ikagoma. Bwawa likakauka, likabaki tope. Maji yalikuwa ziwani, ng'ambo ya mbuga, na mbuga ilikuwa ya Simba. Wanyama wakaenda kumwomba njia.

Simba akapiga mwayo. "Kupita mtapita," akasema. "Lakini kwangu si sokoni watu wanakokwenda wakijikokota. Mwezi ukiandama, mtakimbia wote mpaka ziwani. Atakayesimama njiani ni kitoweo changu."

Kisha akamtazama Bi Mashavu kuanzia kichwa hadi mkia, akalamba midomo. "Mama, nitakungoja kwa hamu."

Bi Mashavu akarudi nyuma hatua mbili. Pale pale kisauti chembamba kikatoka miguuni mwa Tembo. Alikuwa Digidigi, jirani yake, mdogo lakini mjanja kupindukia.

"Bwana mkubwa, ingekuwa heshima kukimbia pamoja nawe. Ila nilisikia watu wanasema hutaweza kufika."

"Ngurrr! Nani asemaye siwezi?"

"Watu tu, bwana mkubwa. Unawajua watu. Basi tuwazibe midomo: ukimbie nasi, na wewe ukisimama kwanza, hakuna kitoweo."

"Nimekubali!" akanguruma Simba, na wote wakasikia.

Bi Mashavu akarudi nyumbani analia. Nyati, fundi wa kutoa ushauri asioombwa, akamfuata. "Kaza meno, shangazi! Mbio ni vita! Kimbia mpaka uone nyota!"

Bi Mashavu akakaza meno. Vuu! Hatua thelathini, tifu! Nyota akaziona kweli. Akajikokota ndani, akasema, "Basi. Acha niliwe nikiwa nimelala."

Digidigi aliyasikia hayo nyuma ya ua, yakamchoma moyo. Mwaka mmoja mbwa mwitu walimfukuza, na Bi Mashavu akamficha nyuma ya mgongo wake mpana, akawaambia, "Hapa hakuna mtu, nendeni zenu." Fadhila ile Digidigi hakuisahau. Akakaa, akafikiri, akatabasamu.

Asubuhi Bi Mashavu akaenda jikoni kupika uji. Akafukua majivu. Baridi! Tena mabichi, chepechepe.

"Lo! Jana niliufukia moto vizuri!"

Enzi zile moto ukizimika mtu alikwenda kupalia kaa kwa jirani, na jirani hakunyima. Digidigi akamtilia kaa moja katika kigae cha chungu, naye Bi Mashavu akakiweka juu ya kichwa chake kilicho bapa.

"Kaa moja tu, mwanangu?"

"Kuni za mwaka huu ndogo, shangazi."

Bi Mashavu akaondoka kwa mwendo wake wa kila siku, taratibu, anajikokota. Alipofika nyumbani, kaa lilikuwa jivu tupu. Akarudi.

"Umelilaza, shangazi," akasema Digidigi. "Kaa linataka upepo."

Akapewa la pili. Safari hii akachomoka vuu! Kaa likaruka, likatua sikioni. "Yalaa! Sikio langu! Nakufa!" Akarudi amenuna.

"Hilo nalo umelipeleka dhoruba," akasema Digidigi, anajizuia asicheke. "Sikiliza. Usijikokote, usichomoke. Jongea kwa mwendo ambao unaweza kumsengenya Nyati bila kukatika maneno. Pumzi zikikuishia, tembea kidogo zirudi, kisha uendelee kumsengenya."

"Kumsengenya Nyati? Hilo naliweza."

Akaenda, du-du-du, du-du-du, anasema peke yake. "Ati mbio ni vita! Vita gani na pembe zake zile zilizopinda! Mkewe mwenyewe hamsikilizi!" Kidogo akatembea, kidogo akajongea. Kufika nyumbani, kaa jekundu! Siku ile uji ulimnogea, akakwangua chungu.

Kesho yake, moto umezimika tena. Kwenda kwa Digidigi, nyumba tupu. Amehamia kwenye kichuguu cha pili.

"Siafu, shangazi. Wametuvamia."

Siku chache zikapita, amehamia mbali zaidi. "Mke wangu hapendi harufu ya tope." Mara ya tatu amefika karibu na vilima. "Huku watoto wanalala vizuri."

"Mtu gani wewe wa kuhamahama!" akafoka Bi Mashavu. Lakini mwenye njaa hana la kuchagua. Kila asubuhi kigae kichwani, du-du-du.

Asubuhi moja likamtokea jambo. Alikuwa amekwisha kumsengenya Nyati, na Kifaru, na ukoo mzima wa nyani, hana tena la kusema. Akanyamaza, akasikia pumzi zake zinaingia na kutoka zenyewe, bila ugomvi. Umande ulikuwa baridi chini ya nyayo. Kanga walikuwa wanaitana majanini. Miguu yake, ile ile iliyochekwa, ilikuwa inambeba kama vile imefanya hivyo siku zote.

Mara akaiona nyumba yake. Akasikitika. "Mbona pamekuwa karibu hivi?" Akapitiliza, akaizunguka nyumba mara mbili zaidi, kaa jekundu kichwani, anacheka peke yake.

Mwezi ukaandama. Wanyama wote wakapanga mstari, na Simba katikati anatikisa manyoya. "Haya, vitoweo vyangu, twende!"

Vuuuu! Simba huyoo! Nyati huyoo nyuma yake, na vumbi likafunika uwanja. Bi Mashavu akaona amebaki nyuma ya wote. Moyo ukamwenda mbio, miguu ikataka kuchomoka. Akaongeza, akaongeza, pumzi zikaanza kumpaa.

"Shangazi!" Digidigi alikuwa ubavuni pake. "Hebu nipe habari za Nyati."

"Niache... mwanangu... naliwa leo..."

"Huliwi. Nasikia anakoroma usiku?"

"Anakoroma?" Bi Mashavu akapunguza mwendo apate kujibu. "Anakoroma mpaka paa linatikisika! Mkewe ameniambia mwenyewe, tena..." Na maneno yakatoka, na pumzi zikarudi, na mwendo ukajiweka sawa. Du-du-du.

Jua likapanda. Walipofika katikati ya mbuga wakaona kitu kimelala chali chini ya kichaka, ulimi nje, miguu juu. Simba! Si mnajua, simba ana mbio za kukamatia, hana mbio za safari. Kando yake Nyati naye ameanguka, lakini Simba alikuwa amemtangulia kulala, na ahadi ni ahadi.

"Shikamoo, bwana mkubwa," akasema Bi Mashavu, wala hakusimama.

Simba akataka kuitikia marahaba, ukatoka upepo tu.

Bi Mashavu akaenda, akaenda, akaenda mpaka maji yakamwangaza machoni. Chubwiii! Akazama mzima mzima. Alipotoa pua, wanyama wote walikuwa wanampigia vigelegele, na machozi yakamtoka ndani ya maji.

Nyati alipokwisha kufika kwa kuchechemea, wote wakaketi ufukweni. Bi Mashavu akasema, "Ndugu zangu, mimi naushukuru moto wangu mkaidi. Usingezimika kila siku, leo ningekuwa tumboni mwa mtu."

Digidigi akakohoa. "Shangazi, moto wako haukuwa mkaidi. Mimi ndiye niliyeumwagia maji, kata moja, kila alfajiri. Na siafu hawakuwapo. Na mke wangu hana neno na harufu ya tope. Niliona ukiambiwa ukimbie hutakimbia, ila ukifuata uji wako utakimbia."

"Amekuchezea, shangazi!" akasema Nyati. "Mkanyage!"

Bi Mashavu akasimama. Akaja mpaka mbele ya Digidigi, akapanua lile domo lake kubwa. Digidigi akafumba macho.

"Mwanangu," akasema Bi Mashavu, "asante. Umenitoa jasho, umenitoa mdomoni mwa Simba, na umenipa miguu ambayo sikujua kama ninayo. Sina cha kukulipa. Nakushukuru tu, na nitakushukuru kila asubuhi."

Digidigi akafumbua macho. Akafuta macho kwa kwato.

Asubuhi iliyofuata, jua likichomoza, Nyati alitoka nje akamwona Bi Mashavu anapita ufukweni, du-du-du.

"Shangazi! Nani anakufukuza?"

"Hakuna!"

"Moto umezimika?"

"Unawaka vizuri, na uji uko jikoni!"

"Sasa unakimbilia nini?"

"Raha yangu!" akajibu Bi Mashavu, wala hakukata mwendo.

Hapo ndipo ninapoitua hadithi yangu, wanangu, nanyi jitwikeni: si kila anayekusumbua ni adui yako, mwingine anakutengenezea miguu, basi ukimjua, mshukuru.