Sultani Aliyefuta Kipupwe

Hapo zamani, zama za masultani wengi na mablanketi machache, palikuwa na maskini mmoja jina lake Ngwali, aliyekaa na mkewe Mize katika mji wa Mwambaukungu, juu ya vilima. Watu walimwita zuzu, kwa kuwa akiambiwa neno hulifanya vile vile lilivyosemwa, bila kupunguza wala kuongeza. Mali yao yote ilikuwa bata majike sita uani. Kila asubuhi Mize alipeleka mayai sita jikoni kwa Sultani Shaame, akarudi na kibaba cha unga, wakala, wakashukuru.

Basi kikaingia kipupwe. Ukungu ukashuka, upepo ukauma, na bata wakaanza kunyonyoka manyoya. Bata anayeota manyoya mapya hatagi, maana nguvu zake zote zimekwenda huko. Mize alilijua hilo tangu kwa mama yake, hivyo akawatandikia majani makavu, akawapa pumba na maji ya uvuguvugu, akangoja.

Sultani hakujua kungoja. Siku za baridi yeye hakutoka chumbani. Alijifunika joho la sufu, akazungukwa na majiko manne ya makaa, na mashauri ya watu yakalala mpaka kiangazi. Faraja yake ilikuwa mkate wa mayai ya bata, na siku mpishi alipokuja mikono mitupu, Ngwali aliitwa mbio mbio.

"Ngwali, yako wapi mayai yangu?"

"Yangali ndani ya bata, ewe Bwana wangu. Hawatoi hata moja, maana ni kipupwe."

"Kipupwe!" Sultani akahamaki. "Mwenye mji huu ni mimi au kipupwe? Waziri, piga mbiu. Tangu kesho ni kiangazi. Atakayesema kuna baridi, awaye yote, atachapwa bakora kumi. Na wewe Ngwali, kawaambie bata wako. Siku ya tatu nisipoona mayai sita, wao wenyewe wataingia chunguni."

Waziri, ambaye hajapata kumkatalia mkubwa neno tangu azaliwe, akasema, "Naam, Bwana, hata mimi nimeanza kutoka jasho."

Mize alipopata habari aliketi penye kibanda cha bata akalia. "Wakichinjwa hawa, mume wangu, tutakula nini? Kiangazi kitarudi, bata hawatarudi."

Ngwali alimhurumia sana. Akakuna kichwa. "Mke wangu, Sultani amesema kesho ni kiangazi. Basi ni kiangazi. Nitolee kile kipepeo chetu cha ukindu."

Yafaa mjue desturi ya mji ule. Siku za joto Sultani aliketi barazani, nje, tangu jua kuchomoza, amevaa kanzu nyepesi, na kila mwenye shauri alikuja na kipepeo chake, akawa anampepea huku akisema, mpaka shauri liishe. Basi Ngwali akapita nyumba kwa nyumba akiuliza, "Hamkusikia mbiu? Kesho kiangazi! Njooni na mashauri yenu."

Kulipokucha, ukungu mzito hata mnara wa msikiti hauonekani, watu arubaini walikuwa langoni na vipepeo arubaini. Ngwali akamwuliza bawabu, "Ndugu yangu, leo ni kiangazi au si kiangazi?" Bawabu akaukumbuka mgongo wake, akafungua. Watumishi nao wakaikumbuka migongo yao. Wakatoa majiko ya makaa, wakalikunja joho wakalitia sandukuni, wakamvika Sultani, asiyeweza kuikana mbiu yake mwenyewe, kanzu nyepesi ya melimeli, wakamketisha barazani na kumpa bilauri ya maji ya ukwaju yaliyolala mtungini.

Watu wakaanza kumpepea. Bibi mmoja alishtaki mbuzi wa jirani, mzee mmoja alidai mpaka wa shamba, na kila mmoja alipepea kwa heshima na kwa nguvu zake zote. Ikawa Sultani anahukumu upesi kuliko alivyopata kuhukumu maishani. "Mbuzi afungwe! Mpaka urudishwe! Mwingine!" Meno yakagongana. Akamtazama Waziri, naye Waziri akasema, "Jo-joto kali leo, Bwana."

Wa mwisho alikuwa Ngwali. "Ewe Bwana wangu, shauri langu ni la bata, nalo ni refu kidogo. Niruhusu nianze na nyanya yake bata wa kwanza." Akapepea. Alipofika kwa mama yake bata wa pili, Sultani aliruka kitini.

"Baridi! Wallahi ni baridi! Nileteeni joho langu!"

Vipepeo vyote vikasimama. Ngwali akapiga magoti, akasema polepole, "Bwana wangu, bata wangu nao wanalia baridi hiyo hiyo, wala hawana joho. Majoho yao, yaani manyoya, yamewanyonyoka, wanangoja mapya. Wahurumie."

Sultani akamtazama, akajitazama na melimeli yake, kisha akacheka, akacheka hata machozi yakamtoka, na baraza zima likacheka naye. Akaamuru kipupwe kirudi mahali pake, na nyumba ya Ngwali ipewe kibaba cha unga kila siku, bata watage wasitage.

"Lakini," akasema akijifunga joho, "mbiu ilisema awaye yote, nami nimetamka baridi mbele ya watu arubaini. Bakora zangu kumi nani atanipiga?"

Ngwali akasema, "Bwana, ziahirishwe mpaka kiangazi. Kile cha kweli."

Miezi ikapita, jua likarudi, na bata, manyoya yao mapya yanang'aa, wakaanza kutaga. Mize akakusanya mayai ya siku mbili, akaweka mawili ya kwao, na Ngwali akaenda barazani, kikapu mkononi na kipepeo kwapani. Akayapanga mayai kumi miguuni pa Sultani, moja moja, akihesabu kwa sauti ya mtu anayechapa.

"Bakora zako hizo, Bwana wangu."

Mpishi akaitwa, na Sultani Shaame akaila adhabu yake yote siku ile ile, akaomba aongezwe.