Tangi la Landrova na Kiti cha Bibi Nakijwa

Haya, sogeeni. Mwenye muwa aumalize kuutafuna sasa hivi, maana mwisho wa hadithi hii sitausema mimi. Mtausema ninyi, na sitaki mtu anijibu kinywa kimejaa.

Kule milimani Upare walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipawa chake. Mama Tuvako, mwuza mitumba, alikuwa na jicho. Kitu akikiona mara moja gulioni au uani kwa mtu, hakisahau hata miaka ipite. Fundi Mshana alikuwa na mkono. Sufuria iliyotoboka na karai lililopasuka vilitoka kwake vizima, ukabaki kujiuliza ufa ulikuwa wapi. Senkondo naye alikuwa na sikio. Alipiga besi, lile tarumbeta kubwa kuliko yote katika bendi ya kanisa, na mwenzake akikosea sauti hata kidogo, alimjua bila kugeuka.

Juu ya hao wote, kwenye mwinuko wa Kwa Nguluma, aliishi Bibi Nakijwa na Landrova ya marehemu mumewe. Ndiyo iliyompandisha mlima siku alipoolewa. Sasa ilikuwa imelala bandani, tangi lake chini ya viti vya mbele limeliwa na kutu mpaka ukilisukuma kidole kinapita. Bibi alishaizoea hivyo, akawa anaanikia maharage juu ya boneti.

Basi mjukuu wake, Yunis, akachumbiwa. Yunis huyo Bibi alimlea tangu anyonyeshwe kwa chupa. Kanisa liko bondeni, na miguu ya Bibi ilishamkatalia. Pikipiki anaiogopa kuliko nyoka. Madereva wa magari ya kukodi wakiitazama ile kona ya Kwa Nguluma hugeuza na kurudi walikotoka. Bila Landrova ile, Bibi angebaki mlangoni na kuku wake, anaisikia kengele ya harusi kwa mbali tu. Jambo hilo lilimnyima usingizi.

Akawaita majirani, akatamka mbele yao. "Atakayelifanya gari hili lipande na kushuka, kiti changu cha mbele ni chake. Mimi nitakaa nyuma na masufuria."

Watu wakaguna. Kwao kiti kile si kiti tu. Anayekaa pale, ubavuni mwa bibi harusi, ndiye anayemshika mkono na kumteremsha mlangoni pa kanisa. Ni heshima ya bibi mtu, na haikatwi vipande kama keki.

Mama Tuvako alifumba macho, akayafumbua. Akasema amekwisha kuliona tangi kama lile, huko Gonja, uani kwa mama mmoja, limekatwa mlango ubavuni na kuku anaatamia ndani. Akateremka mlima. Mwenye kuku akamkatalia katakata, kuku akiwa juu ya mayai hahamishwi. Mama Tuvako hakugombana naye. Alikaa pale akamsaidia kupukuchua mahindi, na jioni akatandika kapu kwa kitenge chake kipya, kile alichokuwa amekishonea harusi hii hii, akamhamisha kuku na mayai yake polepole huku akimwimbia. Kulipokucha kuku ametulia tuli kama mkwe ugenini. Kitenge kikabaki Gonja, na tangi likapanda mlima kichwani kwa Mama Tuvako, likinuka mavi ya kuku njia nzima.

Fundi Mshana alipoliona alicheka, kisha akaligeuzageuza. Bati lilikuwa jembamba, na ule mlango wa kuku ulitosha kupitisha tikiti. Moto mkali ungelimaliza kabisa. Akalisugua kwa majivu ndani na nje, akatafuta bati la kiraka kijiji kizima, lisipatikane la kufaa. Mwishowe akaingia jikoni kwake akalitazama sinia la mkewe, alilopewa na mama yake siku ya kuagwa. Mkewe alinuna tangu asubuhi hadi jioni, halafu akalitoa mwenyewe na kumwambia alikate haraka kabla hajabadili nia. Mshana akalehemu kidogo kidogo, shavu karibu na bati apime joto. Alipomaliza akalijaza maji na kulipaka majivu makavu kwa nje aone kama pataloa. Hapakuloa.

Wakalifunga yeye na Kiangi, mtoto wa Bibi. Waling'oa viti, wakaliteremsha tangi mahali pake juu ya vipande vya mpira lisigongane na chuma, wakakaza bolti, wakaunga bomba. Gari likanguruma, na Bibi akalia waziwazi bila kujificha.

Lakini subirini. Petroli ilipokwisha kutiwa, Bibi aliona kwenye mfuniko wa tangi kitundu kidogo kama tundu la sindano. Ninyi watani mnajua mnavyotusema sisi Wapare kwa ubahili, na leo siwabishii. Bibi akawaza, mafuta yote haya yaruke hewani bure? Akachukua nta ya nyuki, akakiziba kimyakimya, akaenda zake akiwa ameridhika.

Ijumaa Kiangi na Mshana wakatoka kulijaribu, Bibi ndani na Yunis pembeni yake. Kushuka, raha tupu. Kupanda, kwenye ile kona, gari likazima. Wakalipumzisha, likawaka, likaenda kidogo, likazima tena. Mshana akafungua bomba, akalipuliza, akaliona safi. Kiangi akasema basi, Bibi abaki nyumbani, watamletea picha. Yunis akaanza kulia, akasema Bibi asipokwenda naye haendi.

Senkondo akatokea hapo anatoka mazoezini, besi begani. Mtu huyu hajui hata breki iko upande gani. Akaomba waliwashe tena, akainama akasikiliza mpaka likazima.

"Hili halikohoi," akasema. "Linaishiwa pumzi. Mpigaji asiyevuta hewa huishia palepale kila mara. Hili linavutia wapi?"

Akaushika mfuniko wa tangi, akauzungusha, na tangi likavuta hewa fyuuu, ndefu, kila mtu akaisikia. Akaugeuza mfuniko juani. Nta.

"Nta hiyo ni yangu," Bibi akasema, akacheka mpaka akashikilia mbavu, na wote wakacheka naye. Kitundu kikazibuliwa, na Landrova ikapanda Kwa Nguluma bila kusita.

Sasa ni Jumamosi, siku ya harusi. Gari linanguruma uani, Kiangi yuko kwenye usukani, Yunis yuko katikati na shela lake. Ubavuni mwake kiti kimoja kitupu. Bibi ameushika mlango, na watatu wetu wamesimama mbele yake wamevaa vizuri, isipokuwa Mama Tuvako mwenye kitenge cha zamani.

Mama Tuvako akasema bila jicho lake Mshana angelehemu upepo. Mshana akasema yeye aliletewa banda la kuku, si tangi, na mpaka leo wali kwake unapakuliwa kwenye ungo. Senkondo akawakumbusha kwamba Bibi alisema gari lipande na kushuka, na kwa wao wawili lilishuka tu. Mama Tuvako akamrudishia kwamba alichofanya ni kuondoa nta ya Bibi. Senkondo akakubali, akauliza nani mwingine alijua iko wapi.

Yunis akainua shela. "Bibi," akasema taratibu, "mimi nilitaka mkono wako."

Bibi akamtazama. Machozi yalimlenga, na bado alikuwa anatabasamu. "Ahadi ni deni, mjukuu wangu. Nilisema mbele za watu."

Kule bondeni kengele ikaanza kugonga. Bibi akachukua upindo wa kanga yake, akakifuta kile kiti vumbi, akageuka kuwatazama wale watatu.

Mpaka hapo nimefika mimi. Jicho, mkono, sikio, au mkono wa Bibi mwenyewe? Kengele inagonga, na gari linanguruma. Je, wewe ungemkalisha nani?