Nani Apande na Mzee Mbonea

Hadithi ninayo, ila ina mlango na ufunguo wake sinao. Atakayeuona anifungulie.

Katika milima ya Upare aliishi Mzee Mbonea, aliyelinda msitu miaka thelathini mpaka macho yakaanza kumwasi. Alikuwa na watoto watatu, kila mmoja na kipaji chake. Nakijwa, binti mkubwa, mkulima wa tangawizi, aliyajua mawingu. Senkondo, fundi mawe, alizijua njia. Eliamini, kitinda mimba aliyekaa mjini, aliwajua watu wa ofisini. Angeweza kumbembeleza karani mnuno mpaka amvutie kiti.

Desemba daktari alimwambia mzee kwamba vuli ijayo haitamkuta akiona. Mzee hakulia. Alirudi nyumbani, akakaa, akasema, "Natamani kabla ya vuli hiyo nikalione tena Bonde la Maua, kule juu ya mwamba. Niende na mtu wangu, ili giza likishaingia awe ananikumbusha: baba, lile jekundu lilikuwa kando ya maji."

Basi wanawe wakaanza kuipanga safari.

Mlima ule hujifunika ukungu karibu mwaka mzima, na anayepanda kwa kubahatisha hurudi ameona miguu yake tu. Nakijwa alikuwa na ukuta wa jikoni ambapo kwa miaka tisa alichora alama ya mkaa kila siku kilele kilipoonekana. Aliusoma ukuta ule, akasema, "Wiki ya mwisho ya Julai, baridi ikishapungua, kutakuwa kweupe siku tatu. Tukizikosa, tungoje mwakani." Na huyo mzee, mwakani yake ilikuwa wapi?

Magoti ya mzee nayo yalikuwa mabovu. Senkondo alijitwika gunia la mahindi ili achoke kama mtu wa miaka themanini, akaipanda njia nzima, na kila alipoishiwa pumzi alichonga jiwe la kukalia. Yalitimia mawe kumi na saba. Kijana alishuka akichechemea, mzee akamcheka akimwambia, "Sasa tuko wawili."

Huko juu kibanda cha kulala ni kimoja, na wakati wa likizo wageni hukigombania. Eliamini alikwenda ofisi ya msitu mara nne. Aliuliza hali ya watoto wa karani, akasikiliza habari ndefu za mguu wa karani, hata akapewa fomu. Fomu ikauliza wako wangapi. Kwa Mzee Mbonea mbuzi huhesabiwa, lakini watu wa nyumbani hawahesabiwi. Ukiwahesabu unaita upungufu. Eliamini akakiacha kisanduku kile wazi. Nakijwa akaisoma fomu, Senkondo akaisoma, wakafurahi kwamba mji haujamsahaulisha mdogo wao adabu za kwao. Fomu ikarudishwa ofisini, na kibali kikatumwa langoni.

Siku ilipofika, kileleni kulikuwa kweupe kama Nakijwa alivyosema. Wote wanne walifika langoni asubuhi. Mlinzi akakisoma kibali.

"Mzee na msaidizi mmoja," akasema.

"Sisi sote tunapanda," akasema Eliamini.

"Hapa pameandikwa wawili. Nadhani karani aliona pako wazi, akajaza mwenyewe. Vitanda vingine vina wenyewe, na asiye na kitanda hapiti."

Eliamini alibembeleza, na kwa mara ya kwanza maneno hayakumfaa kitu. Mlinzi hakuwa mtu mbaya. Alisema tu, "Mzee achague, lakini msikawie."

"Baba, bila mimi usingeijua siku ya leo," akasema Nakijwa.

"Bila mimi usingelifika hata jiwe la tatu," akasema Senkondo.

Eliamini akainama. "Na bila mimi jina lako lisingekuwa hapa langoni."

Wote walisema kweli. Kidole kimoja hakivunji chawa, na hapa vidole vilikuwa vitatu, vyote sawa.

"Nendeni ninyi mkanitazamie," akasema mzee.

"Kibali ni chako, mzee," akajibu mlinzi.

"Basi tupige kura," akasema Senkondo.

"Kura nayo ni kuhesabu, mwanangu."

Mzee Mbonea alijiona mnyonge kuliko siku ile ya daktari. Daktari alimwambia tu. Hapa alikuwa anaulizwa. Akimtaja mmoja, amewahesabu wanawe kwa mdomo wake: mmoja ndani, wawili nje. Asipotaja, warudi wote, na bonde halitamwona tena. Aliona uchungu, wala hakuwa na wa kumlaumu, maana sheria iliyowafunga ni ile aliyowafundisha mwenyewe.

Nakijwa alikuwa amemshika mkono wa kulia, Senkondo wa kushoto, Eliamini ameshika ncha ya fimbo yake. Mzee akazitazama nyuso zao, ambazo machoni pake zilikwisha kuanza kufanana. Juu ya mlima jua lilizidi kupanda.

Hapo ndipo nilipowaacha, na hapo ndipo ninapokwama kila mara. Haya, wewe unayesikiliza: ungekuwa mzee, ungemwambia nani "twende"? Na wale wawili, kabla hujawapa mgongo, ungewaambia nini?