Mkeka wa Suwedi

Alitawala Sultani Ghalibu bin Taimuri katika mji wa Marjanati, mji wa kuta nyeupe na mto mkali, na katika enzi yake hiyo mimi Mbaraka, msimulizi wa baraza lake, niliyekaribishwa katika miji kumi na miwili na kufukuzwa katika minne, nilinaswa asubuhi moja kweupe nimejivika joho jeusi, nimeegemea ukuta, macho nimeyatupa mbali na kitambi nimekivuta ndani, najifunza kuhuzunika.

"Mzee Mbaraka," ikaniambia sauti ya kike, "ukuta huo Khelefu ameupaka chokaa sasa hivi."

Alikuwa Tahiya, binti Bi Ramla, mchumba wa huyo Khelefu mwashi, na mgongo wangu ulikuwa mweupe pepepe.

"Na wewe umeambukizwa?" akauliza.

Nilikuwa nimeambukizwa, na mji mzima vilevile. Maana Mwanamfalme Yarubi, tangu rafiki yake Suwedi afe maji miaka mitatu nyuma, alijifungia katika mnara wa kilimani, akavaa nyeusi, akaacha kucheka na kuchana nywele, na jini Sharkashi, mtumwa wa pete yake, akawa anampulizia upepo ili joho lisitulie, na kumpigia radi kila aliposhusha pumzi. Basi wasichana wa Marjanati wakawa hawamtaki mwanamume mwenye meno ya kuonekana, na vijana wakajifunza kununa, na mimi, Mungu anisamehe, ndiye niliyemtungia zile beti zilizoimbwa mpaka hamamuni.

Na ada ya mji ule ilikuwa hivi: akifa mtu, mkeka wake hutandikwa uani kwa mama yake, na majirani huukalia siku tatu na kupika, kisha mama huukung'uta na matanga yakaanuliwa, na nyumba ambayo mkeka haujakung'utwa haifungi harusi. Lakini Yarubi aliuchukua mkeka wa Suwedi akapanda nao mnarani, na sisi, kwa kuwa alikuwa mtoto wa Sultani na huzuni ilimkaa vizuri usoni, tukamfanya yeye ndiye mfiwa. Rambirambi na masinia ya wali tukampelekea yeye, na kwa Bi Ramla, aliyemzaa marehemu, hakwenda mtu. Matanga yake yakabaki wazi miaka mitatu, na Tahiya akabaki mchumba miaka mitatu, na sasa wazee wa Khelefu walikuwa wamesema mwezi mpya ukiandama bila harusi watamposea binti mwingine.

"Zimebaki siku tisa," Tahiya akaniambia. "Njia ya mnarani unaijua. Twende."

"Binti yangu, kuna jini."

"Nimemsikia. Twende."

Kilima kile kina ngazi mia nne, na magoti yangu yalizihesabu zote. Mlangoni tulimkuta Sharkashi, kichwa kimefika mawinguni, ameketi anajikanda mashavu.

"Hapiti mtu nimwonaye," akasema, kisha akaishusha sauti. "Mwanangu, huna mafuta ya karafuu? Miaka mitatu napuliza joho la huyu bwana. Mashavu sina tena."

Tahiya alimpa kichupa alichomnunulia mama yake, na jini akafumba macho ili ajipake vizuri, nasi tukapita.

Yarubi alikuwa ameketi juu ya mkeka, uso dirishani.

"Nani athubutuye kuijia laana yangu?" akasema bila kugeuka, maana upande ule wa uso ndio uliokuwa bora.

"Tahiya, dada yake Suwedi. Nimefuata mkeka."

"Ewe binti, mkeka huu ni kaburi la moyo wangu. Mimi ni mtu wa giza, na lau ungeyajua niliyoyatenda, ungekimbia."

"Pete yako ilianguka mtoni, ukamwambia kaka yangu aifuate, na mto umefurika. Akaopolewa maiti, pete ngumini. Wafua nguo walikuwa ng'ambo, waliona yote. Mama anajua tangu siku ya kwanza, anangoja uje uyaseme mwenyewe."

Ndipo nikaona kwamba nyuma ya sura ile niliyoitungia beti kulikuwa na kijana anayeogopa kubisha hodi kwa mama wa mwenzake. Naye kwa hofu ile akaruka kutoka mkekani, akaisugua pete, na Sharkashi akaingia ameinama.

"Mtupe huyu nje."

Tahiya akaketi mkekani, akaushika kwa mikono miwili. "Nitupe nao. Uani kwetu ndiko ninakotaka ufike."

"Bwana hakusema nje ya wapi," akasema jini taratibu, na akaunyanyua mkeka akaupitisha dirishani, na mimi niliyekuwa nimeshika ncha yake kwa woga nikaenda nao, miguu ikining'inia juu ya soko la ngamia, na watu wakanijua kwa chokaa.

Majirani walipouona mkeka umetua kwa Bi Ramla walitazamana, na haya ikawashika, na kila mmoja akaenda kuleta chungu chake. Mimi nilipewa vitunguu. Lakini Bi Ramla hakuukung'uta. Aliketi tu, anautazama mlango. Na alasiri Yarubi akaja kwa miguu yake, bila upepo, nywele zimemlalia usoni.

"Mimi ndiye niliyemtuma mtoni," akasema.

"Nilitaka niyasikie kwa kinywa chako, si kwa radi," Bi Ramla akajibu. "Shika upande ule."

Wakaukung'uta wawili wao, na vumbi la miaka mitatu likatupaliza sote. Na kwa wapendao mwisho mwema: Tahiya aliolewa siku ya nane, na Sultani akamjazia Khelefu dhahabu na kumpa kuta zote za kasri azijenge upya, na Sharkashi akaachwa huru, hapulizi hata uji. Na funzo lake ni kwamba ukiona huzuni imempendeza mtu mno, uliza ni ya nyumba gani.

Lakini jioni ile ya mkeka, Yarubi alibaki amesimama katikati ya ua, mikono mitupu.

"Bi Ramla," akauliza, "bila mkeka ule, mimi ni nani?"

"Jirani. Mitungi ile haina maji."