Kidari cha Mlezi wa Ndeshi

Tegeni sikio vizuri, maana hukumu itakuwa yenu.

Katika nyumba ya Mzee Ndesario, huko Kilimanjaro, waliishi watu watatu. Aikande alijaliwa jicho. Mumewe, Eliamani, alijaliwa kifua cha kukabili watu. Manka, dada mkubwa wa Eliamani, alijaliwa subira.

Ukoo huo ulipenda vyeti. Kila Krismasi mzee alichinja mbuzi, akampa kidari, yaani nyama ya kifua, mlezi wa mtoto aliyeng'ara mwaka ule. Kidari hakikukatwa: mkono mmoja ulipokea, jina moja likatajwa. Jina la Aikande halikuwahi kutajwa. Binti yake, Ndeshi, alizaliwa na akili inayokwenda polepole, na maneno hakuwa nayo.

Wengine walisikia kilio cha Ndeshi tu. Aikande aliona kwamba mtoto hutulia ng'ombe anapokamuliwa. Akamhamishia kigoda chake zizini.

Wageni walipokuja, mzee aliagiza Ndeshi afungiwe chumba cha ndani. Eliamani akasimama mbele ya kaka zake.

"Baba, akifungiwa huyu, mimi na mke wangu tunahama leo."

Mlango haukufungwa.

Manka ndiye aliyeshika mikono ya Ndeshi kwenye chuchu za ng'ombe, alfajiri baada ya alfajiri. Ndoo ilipigwa teke, maziwa yakamwagika, akaanza upya, hadi mikono ya mtoto ikajua yenyewe.

Krismasi iliyofuata Ndeshi alikamua peke yake, akampelekea babu yake kikombe mbele ya ukoo mzima. Mzee akanywa chote, kisha akainua kidari.

"Mwaka huu ni cha mlezi wa huyu."

"Mwanangu amekuwa daktari, baba," alisema Kaanaeli, mwanawe wa kwanza. "Daktari anashindwa na kikombe cha maziwa?"

"Wewe umekila miaka mingi. Meno hayajachoka?" mzee akamjibu.

Watu wakacheka. Mzee akauliza, "Haya, mlezi ni nani?"

"Mimi," alisema Manka. "Wifi aliona, mdogo wangu akasema. Mateke nimekula mimi."

"Ungemfundisha vipi, dada, akiwa kafungiwa?" aliuliza Eliamani.

Miaka yote Aikande alinyamaza penye kidari. Safari hii hakunyamaza.

"Na nani angejua kuwa njia yake inapita zizini? Ninyi mlikuwa mnaziba masikio."

Mtu mmoja akapendekeza apewe Ndeshi mwenyewe. Mzee akakataa: hata daktari hakupewa, kidari ni cha mlezi.

Mafuta yanaanza kuganda mkononi mwa mzee, na watatu hao wamenyoosha mikono. Je, wewe ungetaja jina la nani?